Laiki nyingi, mzigo hautoki: mteja wa mtandaoni anapotelea wapi?

Ingia saluni yoyote ya Sinza au fremu ya nguo pale Mwenge, uguse habari ya biashara kuwa ngumu. Jibu litakuja lile lile: "Ingia mtandaoni." Uliza sasa, mtandaoni nafanya nini? Mmoja atakwambia uposti kila siku. Wa pili atakwambia uboosti. Wa tatu atasema tafuta wafuasi kwanza, hata wa kununua, maana ukurasa wenye watu mia mbili nani atauamini? Na wote watatu wanasema kwa uhakika. Ndivyo dada anayepika keki Mbagala anavyojikuta ameweka elfu thelathini kwenye tangazo, amepata laiki mia nne na "masha Allah" za kutosha, halafu keki zilizotoka ni mbili.

Elfu thelathini si hela ndogo kwa mtu anayehesabu mayai kwa trei. Kinachoniuma zaidi ni kwamba akishaipoteza, anajiona yeye ndiye mwenye kasoro: hana bahati, hana nyota, biashara ya mtandaoni ina wenyewe. Sivyo. Mara nyingi amechanganya vitu vitatu vinavyofanana kwa sura, yaani kuonekana, kupendwa na kuuza. Kila kimoja kina njia yake na gharama yake, na kimoja hakizai kingine chenyewe.

Tuanze na maneno, kwa sababu mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Mfuasi ni mtu ambaye siku moja alibonyeza kitufe akaomba kupata habari za ukurasa wako. Hakuahidi kununua, na wala hakuhakikishiwa kuona kila unachoweka. Ukifungua takwimu za ukurasa utakuta idadi ya watu waliofikiwa na idadi ya mara ambazo posti ilionekana. Hizo ni namba mbili tofauti: mtu mmoja akipitiwa na posti yako mara tano, ni mtu mmoja aliyefikiwa lakini ni mara tano ilizoonekana. Kwa hiyo ukiambiwa tangazo limeonekana mara elfu kumi, usipige picha ya watu elfu kumi wamejipanga mlangoni. Laiki, maoni, kuhifadhi posti na kumtumia mwenzako, vyote hivyo kwa pamoja huitwa ushiriki. Mauzo hayamo humo. Mauzo yapo kwenye daftari lako na kwenye meseji za M-Pesa.

Halafu kuna algoriti, neno linalotajwa kama vile ni pepo. Hili tulichukue taratibu.

Winga asiye na haraka ya kuuza

Ukishuka Kariakoo, kabla hujafika dukani umeshadakwa na winga. Winga hana duka wala mzigo. Anacho ni jicho: anakuangalia ulivyovaa, anakusikia unavyouliza, anajua duka gani litakufaa, anakupeleka. Mama anayetafuta sare za shule hatampeleka kwenye vipuri vya bodaboda, maana atapoteza muda wake na wa mteja.

Algoriti ni winga wa namna hiyo, ila kwa mamilioni ya watu kwa wakati mmoja. Ni kanuni za kompyuta zinazokumbuka kila mtumiaji aliangalia video gani mpaka mwisho, ipi aliiruka, ipi alimtumia rafiki yake, kisha zinabashiri posti ipi itamfaa sasa hivi. Mwanzoni Instagram ilikuwa inapanga picha kwa saa tu, ya karibuni juu, ya zamani chini. Kuanzia 2016 iliacha utaratibu huo ikaanza kupanga kwa ubashiri. Ndiyo maana posti ya leo inaonwa na baadhi tu ya wafuasi wako, na ya kesho inaonwa na wengine. Wengi wanaita hali hiyo "nimefungiwa". Kufungiwa kupo, kwa ukurasa uliovunja masharti, na Instagram yenyewe ina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha hali ya akaunti yako. Ingia usome kabla ya kulalamika. Lakini mara nyingi hakuna aliyekufungia. Winga amewaangalia watu, ameona wengi wanapita bila kusimama, akaacha kuwaleta.

Sasa sikia tofauti moja ambayo kwangu ndiyo kiini cha mambo yote. Winga wa Kariakoo anapata chake mteja akinunua. Winga wa mtandaoni anapata chake mteja akibaki anaangalia, kwa sababu kampuni hizi zinaishi kwa kuuza nafasi za matangazo, na kadiri watu wanavyokaa ndivyo nafasi zinavyoongezeka. Yeye hana shida na keki yako kuuzika. Akiona watu wanaganda kwenye video ya wewe kupamba keki, ataisukuma mpaka Mwanza na Mombasa, kwa watu ambao hawawezi kukuagiza hata wakitaka. Utaona namba zinapanda, na utafurahi, na oveni itabaki baridi. Kazi ya kumgeuza mtazamaji kuwa mteja hajapewa winga huyu. Ni yako.

Stendi, fremu na baraza

Kosa linalofuata ni kuweka posti ile ile kila mahali, kana kwamba mitandao yote ni mtaa mmoja.

TikTok ni kama kusimama na bidhaa stendi ya mabasi ya Mbezi. Wanaopita hawakujui, hawakukufuata wewe, na wana haraka. Mtandao huo unaweza kukuletea maelfu hata ukiwa na wafuasi thelathini, kwa sababu ukurasa wake mkuu unaonyesha video za watu usiowafuata. Lakini sekunde chache za kwanza zikiwa za salamu ndefu na nembo inayozunguka, wameshapita.

Instagram ni fremu yenye kioo. Mtu akishasikia habari zako, popote alipozisikia, anakuja kuchungulia: huyu ni mtu wa kweli? Yuko wapi? Kazi zake zikoje? Kwa hiyo maelezo ya juu ya wasifu yana uzito kuliko posti kumi. Nimeona kurasa nzuri mno ambazo huwezi kujua kama biashara iko Dar es Salaam au Arusha. Andika eneo, namba ya simu, na kama unafikisha mzigo mpaka wapi.

WhatsApp ni baraza lako la nyumbani, na huko ndiko biashara nyingi ndogo za mji huu zinakofungia mauzo. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wafanyabiashara wengi hawajaambiwa. Stetasi yako inaonwa na mtu ikiwa wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Brodikasti, ile meseji moja unayoituma kwa wengi, ina kikomo cha watu 256 kwa orodha, na inamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo una namba mia tano za wateja, unatuma tangazo la ofa ya Idi, na huenda nusu yao halijawafika kabisa, wala hujui. Dawa yake ni sentensi moja baada ya kila mauzo: "Dada, hifadhi namba yangu, natangaza ofa kwenye stetasi." Kuna pia WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka 2018, ambayo ina katalogi ya bidhaa na bei, salamu inayojituma yenyewe ukiwa umelala, na majibu uliyoyaandika kabla. Kwa mtu anayejibu "mko wapi?" mara thelathini kwa siku, hiyo peke yake ni nafuu kubwa.

Kuboosti ni kuingia mnadani

Kuboosti maana yake ni kuilipa kampuni ili posti yako iwafikie watu ambao wasingeiona. Wengi wanadhani ni kama kununua umeme: unaweka elfu kumi, unapata uniti zako. Hasha. Ni mnada.

Pale soko la samaki Feri, mwenye dau kubwa anaondoka na samaki. Mnada wa matangazo wa Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, unafanana na huo lakini mnadishaji anaangalia mambo matatu: dau, uwezekano wa mtazamaji kufanya kile unachokiomba, na ubora wa tangazo lenyewe machoni pa watu. Ndiyo maana wawili wakiweka hela sawa hawapati matokeo sawa. Mwenye picha ya giza iliyojaa maandishi na namba sita za simu anamlipia kila mtazamaji zaidi ya yule mwenye video safi ya keki ikikatwa. Kuongeza hela juu ya tangazo bovu ni kuongeza hasara.

Kabla ya kulipa, mfumo unakuuliza maswali, na hapa ndipo elfu thelathini ya yule dada ilipopotelea. Unaulizwa lengo: unataka watu watembelee wasifu, waende tovuti, au wakutumie ujumbe? Kwenye Facebook kuna pia lengo la kupata ushiriki. Mashine inakutii neno kwa neno. Ukiomba laiki, inakutafutia watu wenye mazoea ya kulaiki, na kuna watu ambao kulaiki ni kama kupumua, hawajawahi kununua kitu mtandaoni na hawana mpango. Kama biashara yako inafungwa kwa mazungumzo, chagua ujumbe. Utapata namba ndogo zaidi kwenye skrini, nazo zitakuwa za watu wanaouliza.

Swali la pili ni nani aone. Ukiacha mfumo ujichagulie, Instagram inatafuta watu wanaofanana na wafuasi ulionao. Sasa fikiria mtu aliyenunua wafuasi elfu tano, akaunti hewa za nchi asizozijua. Analipa hela halali kuitafutia keki ya Mbagala watu wanaofanana na akaunti hewa. Wafuasi wa kununua wanaharibu kila kinachofuata baada yao, na hata bila tangazo wanamwambia winga kwamba watu wa ukurasa huu hawasimami. Afadhali mia mbili wa kweli.

Swali la tatu ni wapi. Chora duara kulingana na pikipiki. Keki haisafiri salama, na nauli ya bodaboda kutoka Mbagala kwenda Tegeta inaweza kumkatisha tamaa mteja aliyeshapenda. Temeke, Kigamboni, Ilala vinatosha kuanzia. Muuza vitenge anayetuma mizigo mikoani kwa basi ana duara jingine kabisa, na haifai akuige wewe wala wewe umuige yeye.

"Bei njoo DM"

Mpaka hapa mteja ameletwa. Ameona, amependa, ameuliza chini ya posti: "Bei gani dada?" Anajibiwa: "Njoo DM mpendwa," yaani aje kwenye meseji za faragha. Anakwenda. Anakaa saa nne. Anajibiwa "Karibu." Anauliza tena. Kesho yake asubuhi anapata bei.

Naisema hii bila kuzunguka: naamini tabia hii inawamaliza wauzaji wadogo wa Dar kuliko ubaya wa algoriti na ughali wa matangazo. Sababu zinazotolewa nazijua. Washindani wataona bei. Lakini mshindani anayetaka bei yako anakuja DM kama mteja na unampa mwenyewe. Maoni mengi yanaisukuma posti. Inawezekana, ila unasukumiwa watu wenye swali ambalo ungelijibu kwa neno moja. Bei inategemea oda. Sawa, andika "kuanzia elfu arobaini, kilo moja". Kariakoo mtu anauliza bei akiwa amesimama mbele yako na anajibiwa papo hapo. Mtandaoni anauliza kwa bando lake, na wauzaji wengine kumi wako kidole kimoja mbali. Wengine wanaona haya kuuliza, wanahofia bei ikiwazidi wataonekana hawana uwezo, na hao hutawajua kamwe kwa sababu hawakuandika chochote.

Tufanye hesabu, kwa namba za mfano. Tuseme kila keki, baada ya kutoa unga, mayai, siagi, gesi na boksi, inamwachia dada faida ya elfu kumi na mbili. Tangazo ni elfu thelathini. Keki mbili ni elfu ishirini na nne, bado yuko ndani kwa elfu sita. Anaanza kupumua kwenye keki ya tatu. Tangazo likamletea meseji arobaini. Kila meseji imemgharimu shilingi 750. Akiwajibu ndani ya dakika chache, bei ikiwa wazi na picha za kazi zake mwenyewe zikiwa tayari, mmoja kati ya kumi akinunua ni keki nne, elfu arobaini na nane, na elfu kumi na nane inabaki mkononi. Akiwajibu kesho yake na nusu ya wanunuzi wakawa wameshahamia kwingine, anabaki na keki mbili na hasara. Tangazo ni lile lile, picha ile ile, winga yule yule. Kilichobadilika ni nani alishika simu saa mbili usiku.

Kwa hiyo usiwashe tangazo siku ambayo una msiba, una safari, au una oda ishirini za harusi. Liwashe siku utakayokaa na simu. Na litazame na kalenda ya mifuko ya watu: mwisho wa mwezi mishahara ikitoka si sawa na katikati, na Januari ya ada za shule haifanani na wiki ya mwisho ya Ramadhani.

Hofu ya kutapeliwa

Mteja anayesita kutuma hela kwanza si mgumu. Ameshapigwa, au dada yake ameshapigwa. Alionyeshwa gauni kwenye picha iliyochukuliwa kwa muuzaji wa China, akaletewa kitu kingine kabisa, au hakuletewa. Muuzaji mwaminifu anarithi hofu hiyo bila kosa lake, na tangazo haliifuti. Inafutwa na vitu vidogo: picha za mzigo ulio nao, hata kama si nzuri kama za wenzako, zikipigwa karibu na dirisha mchana, video yako ukifungasha, lipa namba yenye jina la biashara, ili anayelipa aone jina lile lile analoliona kwenye ukurasa, na kwa walio ndani ya jiji, kulipa mzigo ukishafika mlangoni, au nusu kwanza kwa vitu vya oda.

Wengi wanaweka skrinshoti za meseji za wateja kuonyesha ushahidi. Ushahidi ni mzuri, lakini namba ya simu na jina la mteja vifutwe, na ruhusa iombwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria, yupo mama ambaye hakutaka jirani zake wajue kanunua dawa gani ya nywele au kalipia nini.

Kuhusu kumlipa staa akutangaze, neno langu ni fupi. Mwulize takwimu za wafuasi wake: wako mji gani, umri gani. Mpishi wa Tabata au fundi wa nywele wa Buguruni mwenye wafuasi elfu tatu, wengi wao wa hapa hapa, anaweza kukufaa kuliko jina kubwa ambalo watu wake wametapakaa Afrika Mashariki nzima.

Fremu ya kupanga

Ukurasa wako si mali yako. Ni fremu ya kupanga, na mwenye nyumba yuko mbali. Kuna wezi pia: wanatuma meseji wakijifanya ni kampuni yenyewe, kwamba umevunja hakimiliki na ukurasa utafungwa usipobonyeza hapa. Wengine wanaomba "nitumie hiyo namba iliyokuja kwenye simu yako kwa bahati mbaya". Namba ile yenye tarakimu sita ndiyo ufunguo wa WhatsApp yako. Hapewi mtu, hata ndugu. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo.

Na wakati mwingine hakuna mwizi wala kosa, mlango unafungwa tu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchini. Siku kama hizo muuzaji ambaye wateja wake wote wanaishi ndani ya ukurasa anabaki hana hata mmoja wa kumpigia.

Daftari la shilingi elfu mbili linatosha. Jina, namba ya simu, alichonunua, tarehe, alitusikia wapi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuonyesha, baada ya miezi mitatu, kama hela ya tangazo inarudi au wateja wako wanaletwa na wateja wenzao. Na kwa dada yetu wa Mbagala kuna safu moja zaidi: keki ilikuwa ya nani, na ya siku gani. Siku ya kuzaliwa inarudi kila mwaka tarehe ile ile. Wiki moja kabla, anapiga simu ya kawaida kwa salio la kawaida: "Habari za siku, dada. Mwaka jana nilimpikia mtoto ile ya chokoleti yenye gari juu. Jumamosi ijayo si ndiyo anatimiza mitano?"